Titi la Kushoto

Micah, dresa wa kufunga vidonda katika shamba la Mzungu, hakuwa mtu wa kuogopa mwili wa binadamu. Alikuwa amefunga vidole vilivyokatwa na panga, ametoa watoto minyoo, amefukuza wavivu waliougua kila Jumatatu, na karibu wote hao aliwatibu kwa dawa moja nyekundu ya chupa. Lakini mchuma pareto mmoja, Wangu, alipofungua vifungo vya gauni ndani ya kile kibanda cha dawa, Micah alitazama mara moja tu, akageuka, akaifunga chupa yake.

"Mama Kinyanjui, hii si kazi yangu. Hii ni ya Nakuru."

"Ni jipu tu."

"Jipu linauma. Hili linauma?"

Halikuuma, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Uvimbe ulikaa chini ya titi la kushoto, mgumu kama kiazi kibichi, na ngozi iliyoufunika ilikuwa imenywea kana kwamba inavutwa kutoka ndani. Mwanzoni mwa mwaka ule wa 1958, pareto ilipochanua kote Dundori, Wangu alijiambia kwamba ni kikapu kimemgonga. Baadaye akajiambia ni uchovu. Mwishowe akaacha kujiambia lolote, akawa anaoga huku ameangalia ukuta.

Huko Nakuru daktari Mzungu alimbonyeza titi, akamwinua mkono akabonyeza na kwapa, kisha akasema kwa kile Kiswahili chao cha kuokota jikoni na shambani, "Hii titi yote toka. Kama bakia, wewe kufa. Mimi kata Jumanne. Mwisho ya mwezi mimi kwenda Ulaya."

Aliyemweleza vizuri ni muuguzi Jepkorir, binti wa Kinandi mwenye sauti ya upole na mikono isiyo na upole hata kidogo. Alimwambia aje Jumatatu alale pale, na Jumanne asubuhi apasuliwe. Daktari huyu akishaenda likizo, atakayeshika nafasi yake hapasui ugonjwa wa namna hiyo, na wagonjwa watapelekwa Nairobi.

"Na kibali cha Nairobi kwa Mkikuyu, mama, unajua mwenyewe," Jepkorir alisema.

Wangu alijua. Hali ya hatari, iliyotangazwa na serikali ya Wazungu kwa sababu ya wapiganaji wa msituni, ilikuwa bado haijaondolewa, na hata hicho kibali cha kufika Nakuru, Micah alikiomba kwa karani wa shamba mpaka akataka kupiga magoti. Ilikuwa Jumanne ile au kaburi.

Lakini ugonjwa haukumkuta katika nyumba isiyo na mambo. Mumewe, Ngigi, alikuwa amerudi kutoka kizuizini mwaka uliotangulia, na kilichorudi ni kikohozi kikiwa kimevaa koti la Ngigi. Mbuzi wote walikwisha kwa kumnunulia sindano za kifua na maziwa. Shambani, posho alipimiwa mwenye kufanya kazi, na mwenye kufanya kazi katika nyumba ile alikuwa Wangu peke yake, akichuma pareto tangu umande mpaka jua likimpiga utosini. Akilala hospitali wiki tatu, Ngigi atakula nini? Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, zaidi ya kisu cha daktari.

Sasa lazima isemwe habari ya titi lenyewe, maana wanawake wa kambi ya wafanyakazi walikuwa wameshaisema, na waliisema vibaya.

Kwa Wakikuyu, mama akikasirika atapiga, atatukana, atakunyima chakula, na hayo yote hupita. Lakini akilishika titi ulilonyonya, akatamka neno mbele yako, hilo halipiti. Litakufuata mpaka yeye mwenyewe aliondoe, tena kwa titi lilelile. Ataliosha kwa maziwa, wewe utaligusa kwa mdomo kama ulivyoligusa siku ya kwanza, naye atakutemea mate ya baraka kifuani; na kama neno limemfikia mtoto wako, ataletwa yeye. Hakuna mzee wala padri awezaye kufanya hivyo kwa niaba yake.

Mwaka wa 1954, askari waliwakusanya watu wote wa shamba kwenye uwanja wa kukaushia pareto, wakawakalisha chini kwa mistari. Mbele yao alipitishwa mtu aliyevikwa gunia, matundu mawili ya macho, basi. Kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa. Aliyetikisiwa kichwa alisukumwa ndani ya lori, na wengine hawakuonekana tena. Yule mtu alipita mstari hadi mstari, akafika mbele ya Ngigi na Wangu, akasimama. Akasimama sana. Kisha gunia likainama upande wa Ngigi.

Wangu aliangalia miguu. Kidole kikubwa cha mguu wa kulia kilikuwa kimepinda, na yeye mwenyewe ndiye aliyekifunga kitambaa siku jembe lilipokikata. Aliyekuwa ndani ya gunia alikuwa Kinyanjui, mwanawe wa kwanza.

Watu waliokuwapo hawakumsahau Wangu siku ile. Aliinuka mbele ya bunduki, akashusha shuka, akalishika titi la kushoto, akamwambia, "Wewe uliyenyonya hapa! Mtoto wako asikue hata afikie umri wa kukutenda ulivyomtenda baba yako!" Wazungu hawakuelewa, wakadhani ni wazimu wa wanawake. Wakikuyu wenzake walielewa, na kuna waliojifunika macho.

Miezi haikupita mingi, Kinyanjui akaonekana na koti la homgadi, wale askari weusi wa kuisaidia serikali, na bunduki begani, kisha kwenye kiwanda cha mbao cha kalasinga Gurbachan, Mhindi wa kilemba, alikokuwa kibarua, akapandishwa kuwa nyapara. Kwa Wangu huo ulikuwa ushahidi tosha. Mtu kamuuza baba yake, kalipwa.

Na kilichomchoma Wangu zaidi ni kwamba Ngigi hakuwahi kupeleka hata kiazi kimoja kwa wapiganaji wa msituni. Aliyepeleka ni yeye. Chini ya maua ya pareto, ndani ya kikapu, alibeba maharagwe na mahindi, akayaacha kwenye shina la mti alilooneshwa. Mumewe akafungwa kwa chakula alichokipeleka mkewe. Wangu alilimeza hilo bila kumwambia mtu, na kila lilipomkwama kooni alizidi kumchukia mwanawe.

Kinyanjui alimwoa Wawira, binti wa Embu, msichana mpole ambaye kosa lake lilikuwa kuolewa katika ugomvi asioujua. Mtoto wao wa kwanza alikufa kabla ya kuota meno. Wa pili alifika kutambaa, naye akaenda. Wa tatu alikuwa msichana, akapewa jina la nyanya yake kama desturi inavyotaka, ugomvi au bila ugomvi. Aliitwa Wangu, na alikuwa hajatimiza mwaka.

Kwa hiyo habari ya uvimbe ilipoenea, wanawake wa pareto walitazamana juu ya vikapu vyao. Ni titi gani? La kushoto. Basi midomo ikanyamaza na macho yakaongea. Laana imekula wajukuu, ikakosa cha kula, ikarudi kwa mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kumwambia hayo uso kwa uso, lakini Wangu hakuwa kiziwi. Alikuwa Mkristo, amebatizwa, anaimba kanisani kwa sauti kuliko wote. Na bado aliliamini lile neno lake kuliko alivyoiamini dawa ya Micah.

Jumamosi kabla ya kwenda hospitali, Kinyanjui alikuja. Tangu siku ya gunia hakuwa amekanyaga mlango ule mama yake akiwapo. Alikuja na mkewe na mtoto, na mfuko wa unga begani, akauweka chini karibu na mlango kama mtu anayeweka kitu cha wizi.

Wawira hakungoja salamu ziishe. Alipiga magoti, akafunua shuka.

"Mama, huyu ni wewe. Ana jina lako. Anahara, uji haukai, na sasa ameanza kukohoa. Nimesikia Jumanne wanakukata." Sauti ikamkatika, akaitafuta tena. "Wakishalikata hilo, mtoto wangu atafunguliwa na nini?"

Wangu alimtazama mtoto. Ngozi ilikuwa imemlegea mapajani, lakini nyusi zilikuwa nyusi zake mwenyewe, nene, za mtu mwenye hasira. Moyo ulimruka. Kweli, alitaka kumnyakua pale pale.

"Maziwa yapo kwenye kibuyu," alisema. "Nitaliosha sasa hivi. Lakini kwanza huyu aseme." Alimwonesha Kinyanjui kwa kidevu. "Baba yake huyu hapa, anakohoa damu. Aseme mbele yake: nilikuuza ili nipate koti. Basi. Siombi mbuzi, siombi pesa, ingawa Mungu anajua tunavyozihitaji. Naomba neno."

Kinyanjui hakumtazama mama yake. Alimtazama baba yake, muda mrefu, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka nje. Ngigi alikuwa ameinamia moto, akisukuma kuni ambazo hazikuhitaji kusukumwa. Akakohoa. Hakuinua macho.

"Sina neno, mama," Kinyanjui akasema.

"Kinyanjui!" Wawira alilia. "Sema tu! Hata kama si kweli, sema!"

"Sina."

"Basi na mimi sina maziwa," Wangu akasema, akafunga gauni lake mpaka shingoni.

Walipoondoka, Ngigi alisema polepole, "Ungemfungulia tu. Mambo ya zamani hayo. Mtoto anataka dawa, hataki titi."

"Hata wewe unamtetea!" Wangu alimfokea. "Aliyekuozesha mapafu!"

Ngigi akarudi kwenye kuni zake. Ule mfuko wa unga Wangu aliutazama kwa chuki, akatamani kuutupa kwenye matope. Lakini ulikuwa unga wa wiki tatu, na mgonjwa hana budi ale. Aliuinua mwenyewe akauweka juu ya dari, na hasira ikamzidi kwa sababu ya uzito wake.

Jumatatu alipanda basi, akalazwa. Jumanne asubuhi, Jepkorir alimwosha kifua kwa sabuni, akampaka spiriti, akampaka dawa ya rangi ya manjano kuanzia shingoni hadi kitovuni, akamfunika kitambaa safi.

"Usiguse hapo," alimwonya. "Wala usinywe kitu." Kisha, akikunja taulo, akaongeza bila kujua anachosema, "Wodi ya watoto kuna wa jina lako. Wangu. Aliletwa jana jioni na kichomi. Mama yake anasema ni mjukuu wako."

Wangu aliinuka kwa kiwiko. "Anaendeleaje?"

Jepkorir alichelewa kujibu. "Anapumua kwa shida."

Hapo ile roho ngumu ya Wangu ilivunjika, ikavunjika kweli. Neno la Kinyanjui halikuwa na maana tena, alitaka mtoto.

"Niletee huyo mtoto. Na maziwa kidogo, kwenye kikombe. Ni dakika moja tu."

"Maziwa ya nini, mama? Nimekwambia hunywi."

"Si ya kunywa. Ni ya kuosha hapa."

Jepkorir alimwelewa. Alikuwa Mnandi, na kwao pia titi la mama si la mchezo. Uso wake uliingia huruma, kisha kazi ikairudisha nje.

"Nimeshakusafisha. Daktari akiona nimekugusisha maziwa na mdomo wa mtoto mgonjwa, hatapasua leo. Na leo ndiyo siku yake ya mwisho ya kupasua kabla ya safari. Ukitaka nikuletee, nitakuletea, mama. Lakini ujue umechagua nini."

Wangu alilala tena. Alimfikiria Ngigi na kikohozi chake, na nani angemchumia posho. Alifikiria kwamba mtoto yuko hospitali sasa, kuna sindano, kuna madaktari, pengine atapona kama wanavyopona wengine. Na ndani kabisa, mahali asipotaka kupachungulia, alifikiria pia kwamba yule mwenye neno bado hajalisema. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kitanda cha magurudumu kilipokuja alikuwa bado amenyamaza, na kunyamaza kukahesabiwa kuwa jibu.

Alizinduka jioni. Kifua kilikuwa kimefungwa bendeji kama gogo, na mkono wa kushoto ulikuwa mzito kama si wake. Ile dawa ya usingizi ilikuwa imemkausha kinywa mpaka ulimi ukashika kaakaa. Akaomba maji, akanyimwa. Ndipo akamwona Kinyanjui amekaa kando ya kitanda, kofia magotini. Nyuma yake Wawira alikuwa amesimama, mtoto kifuani.

"Nilikuwa getini tangu alfajiri," Kinyanjui alisema. "Askari alikataa. Alisema saa ya kuona wagonjwa ni jioni. Nilimpa pesa, nikamlilia, akakataa. Nimekuja na lile neno, mama."

Wangu alimgeuzia uso.

"Walinitoa kiwandani wakanipiga siku tatu. Walikuwa wameshaambiwa kwamba chakula kinatoka nyumba yetu, ila hawakujua ni nani anayepeleka. Wakanivika gunia, wakasema, leo unatuonesha mmoja, baba au mama. Usipoonesha, tunachukua wote wawili na kuwanyonga." Alipangusa midomo. "Mimi nilijua ni wewe, mama. Nilikuona mara mbili na kikapu. Nilipofika mbele yenu nilishindwa. Nikasimama. Baba akanijua miguu kabla yako. Akajigusa kifua hivi, kwa kidole. Akaniambia kwa macho, mimi. Nikainama upande wake."

"Koti," Wangu alisema kwa shida.

"Koti walinivisha ili watu wanichukie, nisiwe na pa kukimbilia."

"Jumamosi... mbona..."

"Baba alinikataza. Aliporudi aliniita kando, akaniapisha. Alisema ukijua hutanyamaza, utalia mbele ya watu, na hali ya hatari bado, watakuja wakuchukue. Nikatii. Nilishamtia lorini mara moja, ningemkaidi tena vipi? Lakini jana jioni huyu alianza kupumua vibaya, nikasema basi."

Wawira alisogea. Alikuwa amemfunua mtoto kifua, na mbavu zake zilipanda na kushuka haraka haraka. Hakusema lolote, alimsogeza tu mtoto upande wa kushoto wa kitanda, kwa mazoea ya kila mwanamke, kisha akaona bendeji ilivyo bapa, akasimama hapo bila kujua ampeleke wapi.

"Mlete," Wangu alisema. "Karibu na uso."

Kama titi limekwenda, mate yangekuwapo. Alikusanya midomo, akavuta mashavu, akaukamua ulimi. Alitaka kumtemea baraka kifuani, hata tone. Kinywa kilikuwa kikavu kama maua ya pareto yaliyotoka tanurini. Alijaribu tena, na tena, akitoa sauti ya kutema bila cha kutema, huku Kinyanjui akimshikia mtoto shuka wazi, akingoja. Jepkorir alikuja akasema saa imekwisha.

Mtoto alikufa Alhamisi. Alizikwa Nakuru kwa sababu mfuko wa Kinyanjui haukutosha gari la kumpandisha Dundori. Siku ya kumfungua bendeji, daktari, akiwa bado hajasafiri, aliugeuza mkono wa Wangu huku na huku, akafurahi sana. Ugonjwa wote umetoka, alisema, kidonda kimefunga vizuri, mama huyu atazeeka. Jepkorir alitafsiri huku ameangalia sakafu.

Wangu alirudi nyumbani kwa basi. Alimkuta Ngigi kwenye moto uleule, amepata nguvu kidogo kwa unga wa mwanawe. Habari za mtoto alikuwa ameshaletewa. Alitaka kusimama kumpokea, Wangu akamwashiria akae.

"Ulijigusa kifua," Wangu alisema.

Ngigi aliweka chini ukuni aliokuwa ameushika. "Nilitaka upone wewe. Wangekunyonga."

"Siulizi siku ile. Siku ile ulikuwa mwanamume, na nitakushukuru mpaka nife. Nauliza Jumamosi. Wawira yuko magotini hapo, maziwa yako kwenye kibuyu, nawe unachezea kuni."

"Mimi siamini mambo hayo ya titi, mama Kinyanjui. Hayakuua mtoto. Kichomi ndicho kilichomuua."

"Huenda," Wangu akasema. "Lakini mimi niliamini. Nililala na wajukuu wangu wote watatu moyoni usiku na mchana, nikihesabu kwamba ninawaua kwa mdomo wangu na kwamba ni haki. Nawe ulikuwa ukinisikia, kitanda kimoja, na ulijua ninaamini."

Ngigi alifunika uso kwa viganja. Kulikuwa na la kumtamkia, tena kali, lakini hakuwa mtoto wake. Hakunyonya popote kwake, na kwa mume hakuna titi la kushika. Wangu akainama, akachukua sufuria kwa mkono wa kulia, ule wa pekee uliokuwa ukiinuka, akamkorogea uji wake.